Lita 5.7 Zilivyogeuka 6.3: Injini ya Camaro

Injini hii ya V8, yenye ujazo wa lita 5.7, Chevrolet iliitoa kwanza ndani ya Camaro ya mwaka 1967. Mafundi wa Marekani walibaini kwamba bloku yake inaweza kubeba zaidi.

Walichukua krenkshafti ya V8 ya lita 6.6, iliyotoka mwaka 1970. Tazama shingo zake zinazokaa kwenye beringi za bloku: zimekerezwa kutoka milimita 67.3 hadi 62.2, la sivyo zisingeingia. Silinda zilizochakaa zikapanuliwa kwa takriban robo tatu ya milimita, mwendo wa pistoni ukarefuka kutoka milimita 88.4 hadi 95.3, na ujazo ukafika lita 6.3. Alama za kusagwa chini ya silinda si uharibifu. Hapo ndipo boliti za konrodi zingegonga chuma, hivyo kilisagwa ili zipate nafasi ya kupita. Ustadi wa kazi hii umo katika nafasi ndogo kama hizo.

Nguvu iliyoongezeka hupita kwenye klachi, giaboksi na propela hadi kwenye difu, na palipo dhaifu ndipo panapovunjika. Ndiyo maana mafundi makini huitafuta difu imara ya Chevrolet yenye boliti 12.