Mwenzi wako anapobadilika: unapohisi ana baipola lakini hajapimwa

Baipola ni ugonjwa wa akili unaompitisha mtu katika vipindi viwili vinavyopingana. Katika kipindi cha kupanda, yaani mania, hulala saa mbili au tatu na kuamka hana uchovu, huongea haraka bila kukatishwa, huwa na mipango mikubwa na hutumia fedha ovyo. Kipindi cha kushuka ni sonona: hana nguvu, hataki watu, hujiona hana thamani. Katikati anaweza kuwa mzima kwa miezi mingi, na hapo ndipo familia husema, "yamepita."

Furaha ya dhahabu au ugonjwa?

Geita, Kahama na Shinyanga swali hili ni gumu kuliko kwingine. Mchimbaji mdogo akipata mzigo mzuri, kununua pikipiki na kuwanywesha bia marafiki ni jambo la kawaida. Usiangalie fedha peke yake, angalia usingizi. Aliyefurahi atachoka na kulala. Mwenye mania halali, hachoki, na matumizi yanaendelea hata kama duara halijatoa kitu. Mania hudumu wiki moja au zaidi, sonona wiki mbili au zaidi. Kumbuka pia kwamba kukesha kwenye zamu za usiku kunaweza kuamsha kipindi cha mania kwa mtu mwenye ugonjwa huu.

Zipo sababu nyingine zinazofanana na baipola: pombe, bangi, malaria kali, VVU, kaswende na matatizo ya tezi ya shingo. Kwa wanaochoma dhahabu kwa zebaki, mvuke wake huweza kuleta mikono kutetemeka, hasira na kukosa usingizi. Mweleze daktari kazi anayofanya mwenzi wako, hata asipouliza.

Andika unachokiona

Baipola haionekani kwenye kipimo cha damu. Daktari hutegemea maelezo, na mgonjwa mwenyewe mara nyingi hukumbuka sonona tu. Chukua daftari uandike tarehe, saa alizolala, fedha zilizotoka, maneno yasiyo ya kawaida. Daftari hilo lina faida kubwa: mtu mwenye baipola akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kurushwa kwenye mania.

Namna ya kumwambia

Usibishane naye akiwa juu, na usimwite kichaa. Subiri atulie, kisha anzia kwenye usingizi: "Baba Neema, tangu Jumapili hujalala. Naogopa afya yako. Twende wote tukapime." Asipokusikia wewe, huenda atamsikia kaka yake, mjomba au mwenzake wa duara anayemheshimu. Mtafute huyo mapema.

Ndugu wengine watasema amerogwa. Kama familia inataka kwenda kwa mganga, huna haja ya kugombana nao, ila hospitali isisubiri. Pia, msikubali mganga ataje mchawi. Katika mikoa hii neno hilo limewahi kuwagharimu maisha bibi vizee wasio na kosa. Kumfunga mgonjwa kamba nako si tiba, huumiza na kumfanya aogope msaada.

Pa kuanzia

Anza na zahanati au kituo cha afya, omba rufaa hadi hospitali ya wilaya au ya mkoa. Kesi ngumu hupelekwa Bugando, Mwanza, au Mirembe, Dodoma. Dawa zinazotumika ni kama lithiamu, valproate na kabamazepini. Lithiamu huhitaji kupimwa damu mara kwa mara. Valproate inaweza kumdhuru vibaya mtoto tumboni, hivyo mwanamke anayeweza kushika mimba aulize kabla ya kuanza. Dawa isiachwe kwa sababu amepata nafuu, maana nafuu hiyo mara nyingi imeletwa na dawa yenyewe.

Nyumba, ng'ombe na mikopo

Mania moja inaweza kumaliza zizi. Anapokuwa mzima, kubalianeni kwamba kuuza ng'ombe au kuchukua mkopo kunahitaji ninyi wawili, na mtu wa tatu mnayemwamini ajue. Kuhusu nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja aiuze au aiweke rehani bila ridhaa ya mwenzake. Ukiona dalili, mwone mwenyekiti wa kijiji au mtaa kabla mnunuzi hajafika. Mikopo ya kausha damu ndiyo mtego mbaya zaidi, kwa kuwa mkopeshaji haulizi kama mkopaji amelala.

Usisubiri katika hali hizi

Akizungumzia kufa au kujiua, muulize waziwazi kama anafikiria hivyo. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Ondoa sumu ya mifugo na ya pamba, baruti, kamba na panga, usimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Akikupiga au kukutishia, ondoka na watoto kwanza. Kuugua kwake hakukulazimishi kuvumilia kipigo, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo kwa ajili hiyo.

Kwa waume: mke aliyewahi kuwa na dalili hizi yuko kwenye hatari kubwa zaidi wiki mbili za kwanza baada ya kujifungua. Akikesha bila usingizi hata mtoto anapolala, akaanza kusikia sauti au kusema mambo ya ajabu kuhusu mtoto, hiyo ni dharura. Mpeleke hospitali usiku huohuo, na mtoto abebwe na mtu mwingine.