Poynter: Chuo cha wanahabari kilichorithi gazeti

MMILIKI wa gazeti anapofariki dunia, mara nyingi mali yake huwaangukia watoto, ama huuzwa kwa kampuni kubwa zaidi. Nelson Poynter, aliyemiliki St. Petersburg Times katika jimbo la Florida, Marekani, hakutaka hata moja kati ya hayo mawili.

Baba yake, Paul Poynter, alilinunua gazeti hilo mwaka 1912. Nelson, aliyelimiliki baada yake, alishuhudia magazeti ya miji mingi yakimezwa na makampuni yenye makao mbali na wasomaji. Mwaka 1975 alianzisha chuo kidogo cha wanahabari, kisicho cha kibiashara, kwa jina la Modern Media Institute, na katika wosia wake akakiachia hisa zake za gazeti. Alipofariki Juni 15, 1978, shule ikawa mwajiri wa wahariri. Mwaka 1984 ilipewa jina lake.

Utaratibu wenyewe ni wa aina yake. Gazeti lilibaki kampuni ya kawaida inayolipa kodi, na gawio la faida yake likagharimia mafunzo ya uandishi, uhariri na maadili ya kazi.

Hata hivyo, wosia huo ulikuwa na tundu. Asilimia 40 ya hisa zenye kura zilikuwa za dada yake, Eleanor Jamison, si zake. Mwaka 1988 tajiri wa Texas, Robert Bass, alizinunua hisa hizo kutoka kwa binti za Eleanor. Hofu kwamba gazeti lingeuzwa ilidumu hadi mwaka 1990, kampuni ilipokubali kuzinunua kwa dola milioni 56. Uhuru ulibaki, ila kwa gharama kubwa.

Mwaka 2015 Poynter iliunda mtandao wa kimataifa wa wahakiki wa taarifa, IFCN. PesaCheck, iliyoanzia Kenya, ni miongoni mwa waliotia saini kanuni zake. Mwaka 2018 taasisi ilikikabidhiwa kitengo cha PolitiFact, kilichozaliwa ndani ya gazeti mwaka 2007 na kushinda tuzo ya Pulitzer mwaka 2009.

Gazeti lenyewe, linaloitwa Tampa Bay Times tangu mwaka 2012, halikuwa na bahati hiyo. Machi 2020, matangazo yalipokauka kutokana na korona, lilipunguza siku za kuchapishwa hadi mbili kwa wiki, Jumatano na Jumapili. Mrithi aliyetegemea gawio alikuwa tayari amejifunza kuishi kwa ada na ruzuku.