Shamba na Chumba: Magereza ya Nyanda za Juu

Neno "gereza" sisi watu wa pwani tulilipata kwa Wareno. Kwao lilikuwa kanisa. Kwetu likawa ngome, kisha likawa mahali pa kufungia watu. Ngome ya Yesu, Mombasa, Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958. Visiwani idara yetu tumeipa jina jingine, Chuo cha Mafunzo. Bara neno lenyewe limebaki, na kisa chake ningependa tukitazame Mbeya na Iringa, ambako serikali ilitaka gereza liwe shamba.

Magereza ya Tanganyika yalitenganishwa na Polisi mwaka 1931. Sheria Na. 34 ya 1967 ikaleta utaratibu wa nchi huru, na mwaka 1974 likaundwa Shirika la Magereza, ili jasho la mfungwa lizae chakula na fedha. Nyanda za Juu zilifaa kwa jambo hilo: mvua ipo, ardhi ipo, mahindi yanakubali. Songwe, mkoani Mbeya, wafungwa wakalima. Mgagao, mkoani Iringa, palipokuwa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, napo baadaye pakawa gereza. Fikra yenyewe haikuwa mbaya. Mkulima aliyefungwa angalau hakutenganishwa na jembe lake.

Lakini shamba ni la aliyekwisha kuhukumiwa. Mahabusu, ambaye kisheria bado hana hatia, hapelekwi kulima. Hushinda ndani, akihesabiwa asubuhi na jioni.

Novemba 2002, wilayani Mbarali, mkoa wa Mbeya, mahabusu 17 walikufa kwa kukosa hewa katika chumba kilichojazwa watu kupita kiasi. Wapo watakaosingizia joto la bonde la Usangu. Usangu haikumsukuma mtu ndani ya chumba kile.

Nani basi aliyewasukuma? Hapa ndipo mageuzi ya magereza yanapokwama, kwa maoni yangu. Mkuu wa gereza hana hiari ya kumkataa mtu aliyeletwa na hati ya mahakama. Anasimamia kuta, chakula na askari. Mlango wa kuingilia una wenyewe, nao ni polisi, waendesha mashtaka na mahakimu. Sheria ya Bodi za Parole ya 1994 ilimfungulia mfungwa. Sheria ya Huduma kwa Jamii, iliyotungwa mwaka ule ule wa 2002, ilimwepusha na jela mwenye adhabu isiyozidi miaka 3. Zote mbili zinaanzia kwenye hukumu. Hata msamaha wa Desemba 2019, uliowagusa wafungwa 5,533, haukuwa wa mahabusu.

Na mtuhumiwa wa mauaji je? Dhamana hana, kwa kifungu cha 148 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985. Mahakama ya wilaya haina mamlaka ya kumhukumu, ila hupanga tarehe: siku 14, upelelezi haujakamilika, siku 14 nyingine, vivyo hivyo. Mahakama Kuu itamsikiliza zamu yake ikifika. Miaka hupita.

Julai 2018 Rais Magufuli aliagiza wafungwa wafanye kazi na wajilishe wenyewe. Songwe amri hiyo ilikuta mashamba. Kwa mahabusu wa Ruanda, mjini Mbeya, kazi iliyokuwapo ni kungoja gari la kumpeleka mahakamani, akasikie tarehe nyingine.