Mifereji ya Uingereza: Nani Aliichimba, Nani Aliimiliki, Nani Aliiokoa

Tunapofundisha historia ya mapinduzi ya viwanda katika Uingereza, mara nyingi tunaanza na injini ya mvuke, tunakwenda kwenye mashine za kusokota pamba, kisha tunapanda treni. Hapo katikati tunaruka jambo moja kubwa. Reli ya Liverpool hadi Manchester ilipofunguliwa mwaka 1830, viwanda vya Uingereza vilikuwa vimekwisha kukua kwa muda wa miaka mingi. Makaa ya mawe, pamba, chuma na vyombo vya udongo vilikuwa vikisafirishwa kwa maji, ndani ya mifereji iliyochimbwa kwa mikono ya watu.

Katika darasa moja mwanafunzi aliniuliza: "Ndugu Mkufunzi, ikiwa mifereji hiyo ilifanya kazi kubwa kiasi hicho, kwa nini iliachwa iharibike?" Jibu la haraka ni kwamba reli ilikuwa na mwendo wa kasi zaidi. Hilo ni kweli, lakini ni nusu tu ya ukweli. Nusu ya pili imo katika swali la umilikaji na mpango: nani alimiliki njia hizo za uchumi, na kwa madhumuni gani?

Makaa ya mawe yataka njia

Katikati ya karne ya 18 barabara za Uingereza zilikuwa mbovu. Farasi mmoja aliyebebeshwa mizigo mgongoni alichukua kilo 125 hivi. Farasi huyo huyo akifungwa kamba na kuvuta mashua katika maji yaliyotulia, aliweza kuvuta tani 25. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa historia nzima ya mifereji.

Kabaila mmoja kijana, Francis Egerton, mwenye cheo cha Duke wa Bridgewater, alikuwa na machimbo ya makaa ya mawe mahali paitwapo Worsley, karibu na Manchester. Makaa yalikuwepo na wanunuzi walikuwepo, ila gharama ya kuyafikisha mjini ilikula faida. Mwaka 1759 alipata sheria ya Bunge ya kumruhusu kuchimba mfereji. Akisaidiwa na wakala wake John Gilbert na fundi James Brindley, aliupitisha mfereji huo juu ya mto Irwell kwa daraja la maji lililofunguliwa mwaka 1761. Mashua zikapita juu na mto ukapita chini. Mfereji ulipofika Manchester, bei ya makaa ya mawe ilishuka kwa karibu nusu.

Hapa tunaona mwinyi wa ardhi akigeuka bepari wa viwanda bila kuachia ardhi yake. Wafanyabiashara nao hawakubaki nyuma. Mwaka 1766 Josiah Wedgwood, mwenye kiwanda cha vyombo vya udongo, alipiga jembe la kwanza la mfereji wa kuunganisha mito ya Trent na Mersey. Barabara mbovu zilimvunjia sahani na kumpandishia bei ya udongo wa kutengenezea vyombo. Mfereji huo wenye urefu wa kilomita 150 hivi ulikamilika mwaka 1777, miaka 5 baada ya Brindley kufariki. Kufikia mwaka 1790 mito minne mikubwa, Trent, Mersey, Severn na Thames, ilikuwa imeunganishwa kwa maji.

Mfereji hupandaje mlima?

Yafaa kada aelewe jinsi chombo cha uchumi kinavyofanya kazi kabla ya kukitolea hukumu. Maji hayapandi mlima. Kwa hiyo mfereji hukatwa vipande vipande vilivyo tambarare, na kati ya kipande na kipande huwekwa lango la maji. Lango hilo ni chumba cha mawe au matofali chenye milango mbele na nyuma. Mashua inayopanda huingia chini, milango ya nyuma hufungwa, kisha vitundu vya juu hufunguliwa na maji huingia taratibu mpaka mashua inainuka na kulingana na maji ya juu. Ndipo milango ya mbele hufunguliwa. Milango hukutana kwa pembe ikielekea upande wa maji mengi, ili nguvu ya maji yenyewe iibane isivuje.

Kila mara lango linapotumika, maji huteremka na hayarudi. Lango lenye upana wa futi 7, urefu wa futi 72 na kimo cha futi 7 hutumia kiasi cha lita 100,000 kwa kulijaza mara moja. Ndiyo maana kila mfereji unaovuka mlima ulihitaji mabwawa ya kuulisha juu kileleni. Chini na kandoni ulikandikwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa kwa maji mpaka ukawa mzito, usipitishe maji.

Palipokuwa na mlima usiopandika, walitoboa handaki. Handaki la kwanza la Harecastle, lenye urefu wa kilomita 2.6 hivi, lilichukua miaka 11 kuchimbwa. Lilikuwa jembamba, halina njia ya farasi. Mabaharia walilala chali juu ya mashua na kuisukuma kwa kukanyaga kuta kwa miguu, gizani, kwa saa mbili hadi tatu.

Wachimbaji

Vitabu vinawasifu Duke, Wedgwood na Brindley. Lakini Brindley hakuchimba handaki peke yake, na Duke hakusukuma toroli. Waliochimba ni maelfu ya watu wenye sururu, sepetu na matoroli. Waingereza waliwapa jina lililotokana na neno la usafiri wa majini, na jina hilo likahamia baadaye kwa wachimbaji wa reli.

Watu hao walitoka wapi? Katika karne hiyo Bunge, lililojaa wenye ardhi, lilikuwa likipitisha sheria moja baada ya nyingine za kuzungushia ua ardhi iliyokuwa ya matumizi ya pamoja vijijini. Mkulima mdogo aliyezoea kulisha ng'ombe wake mmoja katika malisho ya wote alijikuta hana malisho. Akabakiwa na kitu kimoja cha kuuza, nguvu ya mikono yake. Wengine walivuka bahari kutoka Ireland, wakiikimbia njaa na ukabaila wa huko. Kwa hiyo Bunge lile lile lililotoa idhini ya kuchimba mifereji ndilo lililozalisha pia wachimbaji wasio na ardhi.

Wala tusisahau mzigo uliobebwa. Pamba iliyofika Manchester ilizidi kutegemea jasho la watumwa wa Kiafrika katika mashamba ya ng'ambo, na Liverpool ilikuwa bandari kuu ya Waingereza katika biashara ya watumwa mpaka Bunge lilipoipiga marufuku mwaka 1807. Mfereji ulikuwa kiungo kimoja katika mnyororo mrefu.

Kila kampuni na upana wake

Faida za mifereji ya kwanza ziliwatia wazimu wenye fedha. Mwaka 1790 Bunge lilipitisha sheria moja ya mfereji mpya. Mwaka 1793 lilipitisha 20. Watu walinunua hisa za mifereji ambayo haikuwa na mzigo wa kubeba. Mfereji wa kutoka Gloucester kwenda Hereford ulianza kuchimbwa katika miaka hiyo ukafika Hereford mwaka 1845, wakati nchi imekwisha kujaa habari za reli.

Ubaya mkubwa zaidi ulikuwa kukosekana kwa mpango mmoja. Kila kampuni ilichimba kwa kipimo chake. Katika mikoa ya kati malango yalikuwa na upana wa futi 7 na urefu wa futi 70 au zaidi. Mfereji wa Leeds na Liverpool, uliokamilika mwaka 1816, ulikuwa na malango yenye upana wa futi 14 lakini urefu wa futi 62 tu. Matokeo yake mashua ndefu ya kusini ilikuwa ndefu mno kwa kaskazini, na mashua pana ya kaskazini ilikuwa pana mno kwa kusini. Mjini Huddersfield mifereji miwili ilikutana, mmoja mwembamba na mwingine mfupi, na mzigo ukahamishwa kutoka mashua hadi mashua.

Mfano wa kuchekesha na kusikitisha ni ule wa Birmingham. Kampuni ya mfereji wa mji huo iliogopa kwamba kampuni ya mfereji wa Worcester ingewanyang'anya maji na biashara. Ikapata kifungu cha sheria cha kukataza mifereji hiyo isiunganishwe. Kwa hiyo palijengwa kizuizi chenye upana wa futi 7 hivi, maji huku na maji huku, na vibarua wakahamisha mizigo kwa mikono kuvuka kizuizi hicho. Hali hiyo ilidumu kwa miaka 20 hivi, mpaka sheria ya mwaka 1815 iliporuhusu lango lijengwe. Hakuna mlima uliowazuia wala mto. Kilichowazuia ni hisa.

Mchimba kisima huingia mwenyewe

Wafanyabiashara wa Liverpool na Manchester walichoshwa na ushuru mkubwa na ucheleweshaji wa wenye mifereji. Hiyo ni moja ya sababu zilizowafanya waanzishe reli yao. Mchimba kisima huingia mwenyewe: wenye mifereji walioubana uchumi kwa ukiritimba wao waliwapa wenzao sababu ya kuwazunguka.

Reli zilipoenea, kampuni za reli hazikushindana tu na mifereji, bali ziliinunua. Mfereji wa Trent na Mersey uliingia mikononi mwa kampuni ya reli mwaka 1846, na ule wa Kennet na Avon mwaka 1852. Mwishowe karibu theluthi moja ya mifereji ilikuwa chini ya kampuni za reli. Mwenye reli hana haja ya kuzoa matope katika mfereji unaomwondolea wateja. Na palipokuwa na kipande kimoja cha reli katikati ya safari, safari nzima ilikuwa rehani.

Anayesema kwamba mifereji ilikufa kwa sababu ya maumbile yake na atazame Ufaransa. Huko, mwaka 1879, waziri Charles de Freycinet alipitisha sheria ya kuweka kipimo kimoja cha malango ili mashua za tani 300 hivi zipite nchi nzima. Ufaransa ilikuwa nchi ya kibepari kama Uingereza. Tofauti ni kwamba dola yake ilitengeneza mpango. Uingereza nayo iliunda Tume ya Kifalme mwaka 1906, na mwaka 1909 tume hiyo ikapendekeza mifereji mikuu ya kuunganisha mito minne ipanuliwe kwa ajili ya mashua za tani 100. Taarifa ilisomwa, ikawekwa kabatini, na vita vya mwaka 1914 vikaja.

Gharama ya ushindani ililipwa na mabaharia. Ushuru na mishahara iliposhuka, baharia hakuweza tena kupanga nyumba nchi kavu wala kuajiri msaidizi. Mkewe na watoto wakahamia katika chumba cha nyuma ya mashua, chenye urefu wa mita 3 na upana wa mita 2 hivi. Mama alishika usukani na mtoto akaongoza farasi, na kazi yao yote ikahesabiwa katika malipo ya mtu mmoja. Sheria ya mwaka 1877 ilitaka mashua hizo ziandikishwe na idadi ya wakaazi iwekewe mpaka, lakini mtoto ambaye nyumba yake inasafiri kila siku atasoma shule ipi? Mwaka 1923, kampuni ya Fellows, Morton and Clayton ilipotaka kupunguza malipo, mabaharia waligoma kijijini Braunston kwa muda wa miezi mitatu hivi. Watu waliotawanyika njiani walithibitisha kwamba wanaweza kusimama pamoja.

Kutaifisha na baada ya kutaifisha

Tarehe 1 Januari 1948 sehemu kubwa ya mifereji ilitaifishwa pamoja na reli. Hapa ndipo penye fundisho ambalo baadhi yetu hatupendi kulisikia. Umilikaji ulibadilika, lakini mifereji mingi iliendelea kufa. Iliwekwa chini ya chombo kikubwa cha uchukuzi ambacho macho yake yalikuwa kwenye reli na barabara. Baridi kali ya mwaka 1962 na 1963 iligandisha maji kwa wiki nyingi, na wateja waliokuwa wamebaki wakahamia kwenye malori. Sheria ya mwaka 1968 iligawa mifereji katika mafungu matatu: ya biashara, ya matembezi, na mabaki. Haya ya mwisho yalitakiwa kuhudumiwa kwa gharama ndogo iwezekanavyo.

Walioiokoa ni watu wa kawaida. Mwaka 1946 kiliundwa chama cha kutetea njia za maji, ambacho Robert Aickman na L. T. C. Rolt walikuwa miongoni mwa waasisi wake. Watu wa kujitolea waliingia matopeni mwishoni mwa wiki wakiwa na sepetu. Sehemu ya kusini ya mfereji wa Stratford ilifunguliwa tena mwaka 1964, Kennet na Avon mwaka 1990, na ule mwembamba wa Huddersfield mwaka 2001. Tangu mwaka 2012 kilomita 3,200 hivi za Uingereza na Wales zimo mikononi mwa shirika la hisani. Leo mashua za matembezi zinapita humo, na wako wanaoishi ndani yake kwa sababu kodi za nyumba, hasa London, zimewashinda. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba ruzuku yake kwa shirika hilo itapungua kuanzia mwaka 2027. Kwa hiyo swali la nani abebe gharama ya matunzo halijafungwa.

Hitimisho

Basi, mwanafunzi wangu, jibu lina sehemu tatu. Kwanza, mtaji binafsi uliweza kuanzisha mifereji kwa haraka, lakini haukuweza kuiunganisha, kwa sababu kila mmoja alichungulia hisa zake. Pili, chombo cha uchumi kikiwekwa chini ya mshindani wake, hakihitaji bomu ili kife, matope yanatosha. Tatu, kubadilisha hati ya umilikaji ni mwanzo wa kazi. Mali ya umma isiyo na mpango, isiyo na fedha za matunzo na isiyo na watu wanaoiona kuwa yao, hufa polepole kama ile ya bepari aliyeisusa.

Lango la maji halijali ni jina la nani limeandikwa ukutani. Linauliza jambo moja tu: je, yupo mtu wa kuziba ufa leo?