Msimu wa Walima Zabibu

Polisi Dodoma iliposhuka daraja mwaka 2012, makao makuu ya nchi yalibaki bila timu yake katika Ligi Kuu kwa miaka minane. Katika kipindi hicho Serikali ilihamia Dodoma, mji ukatangazwa kuwa jiji Aprili 2018, lakini mpenzi wa soka wa hapa aliendelea kuifuatilia ligi kwenye redio kama mtu wa mbali. Ndiyo maana msimu wa 2020/21, ambao wengi wanaukumbuka kwa ubingwa wa nne mfululizo wa Simba, unastahili kuandikwa upya kwa jicho la nyanda za kati. Katika msimu huo ilionekana wazi kwamba timu ya mkoani hudumu pale inapomilikiwa na chombo chenye mizizi katika mji wenyewe.

Ushahidi wa kwanza uko jirani. Singida United ilipanda mwaka 2017 kwa kishindo: wadhamini kwenye jezi, Hans van der Pluijm kwenye benchi, Uwanja wa Namfua umefurika, na mwaka 2018 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na Mtibwa Sugar. Mwaka 2020 ikashuka. Mapenzi ya watu wa Singida hayakuwa na kasoro. Kilichokosekana ni mwenye timu ambaye angebaki pale pale mdhamini anapoondoka. Msimu ule ule ulioiangusha Singida ndio uliompandisha jirani yake, Dodoma FC, timu ya halmashauri, ambayo ikaingia Ligi Kuu kwa jina la Dodoma Jiji, hao Walima Zabibu. Ilipanda pamoja na Gwambina ya Misungwi na Ihefu ya Mbarali. Msimu ulipokwisha Julai 2021, ligi ikipunguzwa kutoka timu 18 hadi 16, nne zilishuka moja kwa moja: Mwadui, Ihefu, Gwambina na JKT Tanzania. Kati ya wageni watatu alibaki mmoja tu. Na timu zote tatu za halmashauri zilizokuwamo, yaani KMC ya Kinondoni, Mbeya City na Dodoma Jiji, zilisalimika.

Atakayepinga ataanza na JKT Tanzania. Nayo ina chombo kikubwa nyuma yake, tena msimu huo ilitumia Uwanja wa Jamhuri ule ule wa Dodoma Jiji, na bado ikashuka. Hoja hiyo ina uzito, ila inanisaidia zaidi kuliko inavyonipinga. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ni la taifa zima, na timu yake ilikuwa imezoeleka Pwani na Dar es Salaam kwa miaka, enzi za jina la JKT Ruvu. Dodoma ilikuwa kituo chake, haikuwa kwao. Uwanja mmoja, nyasi zile zile, na matokeo tofauti: ukubwa wa mmiliki peke yake hautoshi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la fedha. Halmashauri inakusanya ushuru na mapato ya viwanja ili watu wapate maji, madarasa na zahanati. Mshambuliaji analipwaje kutoka mfuko huo? Sitajibu kwamba mpira ni muhimu kuliko kisima, kwa sababu si kweli, na katika nchi kame kama hii yetu ya Ugogo ni neno la kuudhi. Jibu langu ni kwamba fedha ya halmashauri ina wa kuihoji. Diwani anaweza kusimama kwenye baraza na kuuliza, na vitabu vinakaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kila mwaka. Timu ya tajiri mmoja haina baraza. Siku akichoka, mashabiki huipata habari hiyo kwenye msimamo wa ligi. Kinachotakiwa ni madiwani waulize kweli, kwa sauti, kabla bajeti haijapita.

Wapo pia wasemao Dodoma Jiji haina watu, kwamba Jamhuri hujaa Simba na Yanga zinapokuja tu, na jukwaa linakuwa jekundu au kijani. Ni kweli, na ni hivyo mikoa mingi. Lakini mapenzi ya timu ya nyumbani hayazaliwi kwa msimu mmoja. Siku ya mwisho, Julai 18, 2021, Yanga ilikuja Jamhuri ikiwa ya pili kwenye msimamo na ikaondoka kwa suluhu, bila bao. Mtoto wa Chang'ombe au Kizota aliyekuwa uwanjani siku hiyo aliondoka na timu ya kwao ambayo ingebaki Ligi Kuu msimu uliofuata, jambo ambalo wakubwa zake wa enzi za Polisi Dodoma walinyimwa mwaka 2012.