Kodi ya Nyumba Tunduma, Vwawa na Mbeya: Historia na Fundisho Lake

Anayetaka kulinganisha kodi za nyumba katika miji ya nyanda zetu za kusini magharibi hawezi kutosheka na kuuliza chumba ni shilingi ngapi kwa mwezi. Kodi ni uhusiano baina ya mwenye nyumba na asiye nayo. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: nani aliyeipa nyumba hiyo thamani?

Mbeya ulikuwa mji wa wakoloni. Waingereza waliuanzisha mwaka 1927, ukakua kwa dhahabu ya Lupa. Majina ya Uzunguni na Uhindini yanatukumbusha kwamba makazi yaligawanywa kwa rangi, na Mwafrika alihesabiwa kuwa mpita njia.

Tunduma ina historia nyingine. Mpaka wake ni zao la mapatano ya Wajerumani na Waingereza ya mwaka 1890, yaliyowagawa Wanyamwanga bila kuwauliza. Lakini mpaka peke yake haukuzaa mji. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia mpya ya baharini. Ndipo ikajengwa barabara kuu, kisha, kati ya 1970 na 1975, reli ya TAZARA ya kilometa 1,860, kwa mkopo wa China usio na riba na kwa jasho la wafanyakazi wa nchi tatu. Mwaka 2019 kikafunguliwa kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde. Wakazi wa mji walikuwa chini ya laki moja katika sensa ya 2012. Mwaka 2022 walizidi laki mbili.

Thamani ya kiwanja cha Tunduma, basi, imetokana na kazi ya umma. Matunda yake yanachumwa na mwenye vyumba.

Vwawa ulipata msukumo mwaka 2016, ulipokuwa makao makuu ya Mkoa mpya wa Songwe. Mpangaji anayetafutwa pale ni mtumishi mwenye mshahara wa kila mwezi. Wa Tunduma aghalabu ni mchuuzi, utingo au mpakia mizigo, ambaye riziki yake huja kwa siku. Hata hivyo naye hudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, pamoja na fungu la dalali. Kodi iliyo sawa kwa shilingi si sawa kwa jasho.

Taifa letu halikulala. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Hatua hiyo ilikata mirija ya makabaila wa mijini. Lakini haikugusa vyumba vya matofali mabichi vya miji midogo, na kubadili mwenye nyumba hakukuongeza idadi ya nyumba. Mradi wa viwanja vilivyopimwa na kupewa huduma, wa mwaka 1974, ulianzia Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya. Tunduma haikuwemo. Sheria ya kudhibiti kodi ya 1984 nayo ilifutwa mwaka 2005, na bei ikaachiwa soko.

Fundisho ni wazi. Viwanja vipimwe kabla mradi mkubwa haujafika, si baada ya walanguzi kuvishika. Nyumba za umma zijengwe pia mpakani, wala zisiishie makao makuu. Mkataba uandikwe, na kodi ilipwe kwa mwezi.

Lipo jambo moja linalotuhusu sisi wenyewe. Tangu maamuzi ya Zanzibar ya 1991, kiongozi anaruhusiwa kupangisha nyumba. Kwa hiyo baadhi ya wanaojadili shida za wapangaji vikaoni ndio wanaopokea kodi zao. Kada wa namna hiyo hana budi kueleza mbele ya wenzake anasimama upande gani, na tawi lake lina haki ya kumwuliza.