Jogoo au mtetea: Siri iliyo ndani ya yai

MFUGAJI anayeagiza vifaranga wa kuku wa mayai huletewa mitetea peke yake. Ndugu zao wa kiume, ambao hawatagi wala hawanenepi upesi kama kuku wa nyama, huuawa siku ile ile wanayoanguliwa. Duniani kote idadi yao hufikia mabilioni kwa mwaka.

Kwa binadamu, mbegu ya baba ndiyo inayoamua jinsia ya mtoto. Kwa ndege ni kinyume chake. Jogoo ana kromosomu mbili za Z, ilhali mtetea ana Z moja na W moja. Hivyo uamuzi hutoka katika yai la mama, hata kabla halijarutubishwa.

Hata hivyo, uamuzi huo hauonekani mapema. Yai la kuku huatamiwa siku 21, na hadi siku ya sita hivi tezi za uzazi za kiinitete zaweza kuwa korodani au ovari. Jeni iitwayo DMRT1, iliyomo katika kromosomu ya Z, ndiyo inayopima mizani. Dume mwenye Z mbili hupata kipimo kikubwa zaidi, na tezi zake zote mbili huwa korodani. Jike hupata kipimo kidogo. Mwili wake huanza kutengeneza homoni ya estrojeni, tezi ya kushoto ikawa ovari na ya kulia ikasinyaa. Mtetea hutaga maisha yake yote kwa ovari hiyo moja.

Lakini tezi si mwili mzima. Mwaka 2010 watafiti wa Taasisi ya Roslin, Scotland, walieleza habari za kuku watatu wa ajabu, upande mmoja jogoo na mwingine mtetea, ingawa damu iliyozunguka ilikuwa moja. Mwaka 2021 taasisi hiyo ilionyesha kuwa kuku wa ZZ aliyebakiziwa nakala moja tu ya DMRT1 hupata ovari, lakini hukua na umbo la jogoo. Kwa ndege, inaelekea kila seli inaijua jinsia yake. Kumgeuza jogoo kuwa mtagaji, basi, si jambo la kuzima jeni moja.

Ujerumani ilipiga marufuku kuua vifaranga hao kuanzia Januari 2022. Njia mojawapo iliyobuniwa huko ni kutoboa ganda kwa leza siku ya tisa na kupima homoni ya kike katika tone la majimaji. Mayai yenye madume huondolewa kwenye mashine na kufanywa chakula cha mifugo.